Maabara ya Fiziolojia ya Mazoezi: Maswali Tunayoulizwa Kila Muhula

Maswali haya nimeyaokota mlangoni. Mimi ndiye ninayefungua maabara asubuhi, ninayekagua baiskeli na kuosha vipande vya mdomo, na muhula mpya ukianza husimamishwa na watu wenye wasiwasi ule ule: wanafunzi wa shahada wa mwaka wa kwanza na wa pili, wazazi wachache, na safari hii hata bawabu aliyetaka kujua mbona watu huingia humu wakavu na kutoka wamelowa. Majibu ni ya chumba chetu, hapa Nairobi, kando ya Barabara ya Thika. Kwingine vifaa vitakuwa tofauti. Hofu nadhani ni moja.

Nilichagua kozi ya michezo. Mbona naletwa maabara?

Darasani utaambiwa kwamba moyo wa mtu aliyezoea mazoezi hupiga polepole. Utaandika, utakariri, utafaulu mtihani, na bado hutajua ni polepole kiasi gani, wala kama mtu alipimwa akiwa amelala au amesimama. Humu ndani unamshika mwenzako mkono unahesabu 52, unajishika mwenyewe unapata 84, na swali linazaliwa hapo hapo kabla mhadhiri hajafungua mdomo.

Fani yenyewe ilijengwa na watu waliojipima. Claude Gordon Douglas wa Oxford alieleza mwaka 1911 mfuko wa kukusanyia pumzi ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. A. V. Hill, ambaye kazi yake na mwenzake Lupton ya mwaka 1923 ndiyo iliyotupa wazo la kikomo cha oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia, alibeba mfuko mgongoni akakimbia mwenyewe. Kwa hiyo ukivaa kibanio cha pua na kujihisi kama kichekesho, uko kwenye msururu wa watu wa heshima.

Siku ya kwanza tunafanya nini?

Tunahesabu mapigo ya moyo. Saa mbili nzima.

Najua mnavunjika moyo. Mmekuja mkiota mashine ya kukimbilia na nyaya kifuani, mnapewa saa ya kupimia na mkono wa mwenzenu. Lakini hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, maana ndipo mtu anapogundua kwamba namba hutengenezwa kwa vidole, na vidole hukosea.

Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwa sababu kina mshipa wake unaodunda, utahesabu moyo wako ukidhani ni wa mwenzako. Saa ikianza sambamba na pigo, pigo hilo ni sufuri, linalofuata ndilo moja. Nusu ya darasa huanzia moja. Ukihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara 4, pigo moja la ziada limekuwa manne kwa dakika. Ukihesabu kwa sekunde 10, limekuwa sita. Mtu hajabadilika chochote, wewe ndiye umemwongezea.

Baada ya mazoezi mambo huharibika zaidi, kwa kuwa moyo huanza kushuka pale pale mtu anaposimama. Ukitafuta mshipa kwa nusu dakika, namba utakayoandika ni ya mtu aliyekwisha kupumzika. Ndiyo maana tunarudia na kurudia, mpaka uweze kuupata mshipa kabla mwenzako hajamaliza kuhema pumzi tatu.

Na kuna jambo la pembeni ambalo wanafunzi hawalitarajii. Kundi moja liliwahi kuniletea jedwali safi kabisa la mapigo: 137, 151, 146, 163. Mwandiko mzuri, grafu imenyooka. Mbinu waliyoandika juu ni hesabu ya sekunde 15. Niliwauliza ni namba gani nzima ukiizidisha mara 4 inakupa 137. Walitazamana. Jedwali lilipikwa kwenye matatu wakija, na waliolipika hawakuwahi kuhesabu, kwa sababu aliyehesabu angejua kwamba kila namba lazima igawanyike kwa nne.

Lazima niwe mwanariadha?

Hapana. Maabara yenye wakimbiaji peke yao haina la kufundisha, kila mtu angefanana na mwenzake. Tunamhitaji anayepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akasimama kupumzika.

Mimi ninatoka upande wa Iten na kila kipindi wananisukuma kwenye mashine. Ni haki?

Si haki, na huwa nakemea. Jina lako likianza na Kip- au Chep- darasa zima linageuka kukutazama kama umebeba siri ya Kipchoge Keino mfukoni. Keino alishinda mita 1,500 Mexico mwaka 1968, jiji lililo karibu mita 2,240 juu ya bahari, na tangu siku hiyo dunia inatafuta kitu kimoja cha kuelezea wakimbiaji wetu. Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia walikuja na vipimo vyao, wakachapisha mwaka 1995. Kiwango cha juu cha oksijeni cha wakimbiaji wa Kenya waliowapima hakikuwaacha mbali wakimbiaji bora wa kwao. Tofauti ya kusisimua zaidi ilikuwa kwenye ubanaji wa matumizi, yaani oksijeni kidogo kwa mwendo ule ule.

Kwa hiyo mtu wa Iten aliyekaa miaka miwili bwenini akila chapo madondo na kutazama mpira atapata namba ya mtu aliyekaa miaka miwili bwenini. Kupimwa ni hiari, kwako na kwa wa Kisumu na wa Mombasa.

Mbona namba zangu hazifanani na za kitabu?

Hili ndilo swali kubwa, na ningependa kila mtu aliulize.

Vitabu vingi tunavyotumia viliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Huko shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na barometa yetu ukutani hukaa karibu na 625. Mama anayechemsha githeri anajua jambo hili bila barometa: maji hapa huchemka karibu na digrii 95, na mahindi hayaivi haraka kama yangeivia Mombasa. Sehemu ya oksijeni hewani haijabadilika, ni asilimia 20.93 hapa kama kule. Kilichopungua ni msukumo. Ukiondoa milimita 47 za mvuke ulio ndani ya njia ya hewa, oksijeni unayoivuta ina shinikizo la karibu 121 hapa, wakati Mombasa ni 149. Hilo ni punguzo la karibu moja ya tano, nawe umelizoea tangu uzaliwe kama ulizaliwa Kasarani.

Sasa angalia linavyoingia kwenye hesabu. Tumekusanya pumzi ya mtu wa kilo 60 kwenye mfuko, lita 80 kwa dakika moja, chumba kikiwa na digrii 24. Lita hizo ni za hewa nyepesi, yenye joto na unyevu. Ili zilinganishwe na za mtu wa nchi nyingine, lazima zigeuzwe ziwe kama hewa kavu, kwenye digrii sufuri na shinikizo la 760. Toa mvuke wa chumba, milimita 22.4, kutoka 625, gawanya kwa 760, zidisha kwa 273 ukigawanya kwa 297. Unapata 0.729. Lita 80 zimekuwa 58.3.

Mwanafunzi aliyenakili mfano wa kitabuni ataweka 760 mahali pa 625. Kigezo chake kitakuwa 0.892 na lita zake 71.4. Tuseme kila lita 100 za pumzi zimeacha mwilini lita 4 za oksijeni. Wa kwanza atasema mtu huyu alitumia lita 2.33 kwa dakika, ambayo ni mililita 38.9 kwa kila kilo. Wa pili atasema 2.86, na 47.6 kwa kilo. Mtu ni yule yule, mfuko ule ule, jasho lile lile. Mmoja anaripoti kijana wa kawaida, mwingine anaripoti mtu wa kuitwa timu ya chuo. Kosa la zaidi ya asilimia 20, limetoka kwenye namba moja iliyonakiliwa bila kutazama ukuta.

Msiniambie mtatumia programu ya hali ya hewa ya simu. Nimeona simu ikiandika 1,018, kwa kipimo cha hektopaskali, na mwanafunzi akaigeuza kuwa milimita 764 akafurahi sana. Namba ya utabiri wa hali ya hewa imekwisha kusahihishwa ili ionekane kana kwamba Nairobi iko ufukweni, kusudi ramani za hewa zilinganishike. Shinikizo halisi la hapa, kwa kipimo hicho, ni karibu 833. Simu yenye kihisio chake cha shinikizo ndani huweza kutoa namba halisi, lakini hakikisha kwanza unasoma nini. Barometa ya ukutani haina mtandao wala haidanganyi, ila inataka mtu ainuke aende kuisoma.

Baada ya kusahihisha yote hayo, namba yako huenda bado ikawa chini kuliko ya kitabu. Hapo ndipo fiziolojia inaanza: hewa ya juu kweli hupunguza kiwango cha juu cha oksijeni, na mtu aliyezoea huathirika kwa namna tofauti na mgeni aliyeshuka ndege jana. Lakini huwezi kuanza mjadala huo ukiwa bado na kosa la hesabu la asilimia 20 mkononi.

Mashine ya kuchambua hewa ni moja na sisi ni arobaini. Tutapimaje sote?

Hamtapimwa nyote kwa mashine. Wachache hupanda, wengine hufanya kazi, na kazi ni nyingi: wa saa, wa kuandika, wa kuongeza uzito, wa kufungua na kufunga mfuko, na mmoja wa kumtazama anayepimwa usoni muda wote bila kutazama kitu kingine. Huyu wa mwisho ndiye ninayemchagua mwenyewe.

Waliobaki tunatumia vipimo vya mkono. Kipimo cha ngazi cha Queens College, chuo cha New York, kinataka kiti cha urefu wa sentimita 41.3, metronomu ya kugonga mdundo, na dakika tatu. Wanaume hupanda na kushuka mara 24 kwa dakika, wanawake 22. Ukisimama, subiri sekunde 5, kisha hesabu mapigo kwa sekunde 15. Ukipata 37, hiyo ni 148 kwa dakika. Kutoka hapo unakadiria kiwango cha juu cha oksijeni, kwa mililita kwa kila kilo kwa dakika. Kwa mwanamume unachukua 111.33 ukitoa 0.42 mara mapigo: 49.2. Kwa mwanamke ni 65.81 ukitoa 0.1847 mara mapigo: 38.5. Kiti tulichonacho kilitengenezwa na fundi wa mbao, na cha kwanza kilikuja na sentimita 44 kwa kuwa fundi aliona 41.3 haina maana. Tulikirudisha.

Nje uwanjani tunakimbia dakika 12 za Cooper. Kenneth Cooper alizitunga kwa wanajeshi wa anga wa Marekani na kuchapisha mwaka 1968. Umbali kwa mita, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Aliyekimbia mizunguko sita ya mita 400 ana mita 2,400, hivyo 42.4.

Sasa kijana yule yule ana 49.2 kwa ngazi na 42.4 kwa kukimbia, na mashine ikimfikia inasema 45. Anakuja kuniuliza ipi ni ya kweli. Namrudishia: milinganyo hiyo miwili ilitokana na watu gani, waliishi wapi, na wewe unafanana nao kwa lipi? Wanafunzi wa New York na wanajeshi wa Marekani hawakupanda kiti wala kukimbia mita 1,600 juu ya bahari. Kisha pigo moja tu ulilohesabu vibaya kwenye ngazi limekuhamisha kwa karibu 1.7. Ripoti nzuri za muhula hutoka kwenye kutoelewana huku. Ripoti mbaya huchagua namba kubwa kuliko zote na kuipigia mstari.

Kweli kuna kipimo kinachotapisha watu?

Kipo, kinaitwa Wingate, kwa jina la taasisi ya Israeli kilikotungwa miaka ya 1970. Unaendesha baiskeli kwa nguvu zako zote kwa sekunde 30, uzito kwenye gurudumu ukiwa asilimia 7.5 ya uzito wako. Mtu wa kilo 64 anawekewa 4.8. Sekunde tano za kwanza kila mtu ni bingwa. Ya kumi na tano miguu inabadilika kuwa ya mtu mwingine.

Hesabu yake ni tamu kwa sababu kila kipande unakiona kwa macho. Gurudumu la baiskeli yetu husafiri mita 6 kila pedali zikizunguka mara moja. Ukizunguka mara 9 ndani ya sekunde 5, hizo ni mita 54. Kilo 4.8 zikizidishwa na 9.81 ni nyutoni 47.1. Mara 54, gawanya kwa 5: wati 509, karibu wati 8 kwa kila kilo ya mwili. Aliyekuwa anaona nguvu na kazi ni msamiati wa kidato cha pili huwa hasahau tena.

Ndoo iko pembeni, haina aibu. Kinachosaidia ni kutokula mlo mzito saa mbili kabla, kuanza kwa kupasha mwili, na kuendelea kuzungusha miguu taratibu ukimaliza. Usishuke ghafla ukasimama wima: damu imejaa miguuni, utaanguka.

Miguu ikiniuma siku ya pili, ni ile asidi imebaki?

Hapana, na natamani makocha wote wa mtaani wangeacha kusema hivyo. Lakteti, ndiyo hiyo mnayoiita asidi, hurudi kwenye kiwango cha kupumzika ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayokuja kesho na kesho kutwa yanatokana na madhara madogo madogo ndani ya misuli, hasa ile iliyofanya kazi huku ikinyooshwa, kama unaposhuka mlima. Ndiyo maana kushuka Ngong Hills kunaumiza kesho yake kuliko kuzipanda, ingawa ulihema zaidi ukipanda.

Lazima nitobolewe kidole?

Si lazima. Kila kipimo cha damu kinatanguliwa na fomu ya ridhaa, na ukikataa hupotezi alama hata moja, utafanya kazi ya kuandika au ya saa. Tone ni dogo, la kipimo cha lakteti, ambayo kwa mtu aliyepumzika huwa karibu milimoli 1 kwa lita, nasi tunaifuatilia ikipanda hatua kwa hatua.

Kanuni za hapa hazina msamaha. Glavu kwa anayetoboa. Sindano moja mtu mmoja mara moja, inaingia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali hapo hapo, wala hairudishwi kwenye kifuniko chake. Hakuna anayegusa damu ya mwenzake, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana. Futa kidole kwa spiriti, acha kikauke, toboa, futa tone la kwanza, pima la pili. Hilo la mwisho si urembo: jasho lina lakteti nyingi, na tone lililochanganyika na jasho litakupa namba ya kushangaza mpaka mhadhiri aje kuiona. Nimewahi kumwita mhadhiri kwa jambo hilo. Alitazama kidole, akatazama taulo, akaondoka bila kusema neno.

Mimi ni msichana na sitaki kuwekewa vibandiko kifuani mbele ya watu.

Hutawekewa. Kuna pazia, na mshipi wa kifuani unajivalia mwenyewe. Vibandiko vya picha ya umeme wa moyo huwekwa na msichana mwenzako, au unaonyeshwa mahali ukajibandikia. Hijabu haizuii kipimo chochote tulicho nacho, ila iwe ile ya michezo isiyoning'inia karibu na pedali. Mwezi wa Ramadhani tunahamisha vipimo vizito kwa wanaofunga, niambie mapema nisipange jina lako.

Nina pumu. Nina presha. Nifiche?

Usifiche, tafadhali. Kabla ya kupanda chochote unajibu fomu ya maswali saba: maumivu ya kifua, kizunguzungu, dawa za moyo au presha, na kadhalika. Ukijibu ndiyo popote, hatukufukuzi, tunakaa tukaongea na pengine tunakutaka upate neno la daktari. Mwenye pumu aje na pampu yake na aiweke mahali ninapoiona. Mwenye mimba hafanyi vipimo vya mwisho wa nguvu. Mwenye chembe za siko seli, hata kama ni mbebaji tu, aniambie kabla ya Wingate.

Presha ya kupumzika ikizidi 200 juu au 110 chini, mtu huyo hapandi, na jioni hiyo anaenda hospitali. Wakati wa mazoezi namba ya juu inapaswa kupanda na ya chini kubaki karibu pale pale. Kazi ikiongezeka huku namba ya juu ikishuka, tunasimamisha, hata kama zimebaki sekunde 20 na mtu anasema yuko sawa. Mtu aliye kwenye pedali husema yuko sawa siku zote.

Presha nashindwa kabisa kuisikia kwenye stethoskopu.

Kila mtu hushindwa wiki ya kwanza. Sauti zile alizieleza Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905, na bila shaka hakuwa na matatu zinazopiga honi dirishani. Hakikisha masikio ya stethoskopu yanaelekea mbele, tafuta mshipa kwa kidole kwanza, teremsha zebaki polepole, milimita mbili au tatu kwa sekunde. Njoo saa moja asubuhi kabla barabara haijaamka.

Kwa nini tusitumie saa za kisasa za mkononi?

Tunazitumia, kama kitu cha kuchunguzwa. Vaeni tatu tofauti, mwenzenu ahesabu kwa vidole, mshipi wa kifuani ukae kama shahidi, kisha mtu aanze kurusha mikono. Saa inayosoma kwa mwanga huweza kuchanganya hatua zako na mapigo yako.

Stima zikipotea katikati ya kipimo?

Zimepotea mara nyingi. Mashine ya kukimbilia husimama, ndiyo maana kuna mtu nyuma na vyuma vya kushika pembeni. Baiskeli yetu ya mshipi na gurudumu haijui kama kuna stima. Mfuko wa Douglas pia haujui. Kuna muhula tuliotaka kuitupa mifuko hiyo kwa kuwa imezeeka na mashine mpya hufanya kila kitu yenyewe. Nafurahi hatukuitupa, na si kwa ajili ya stima tu: mashine mpya inakupa 45 kwenye skrini, basi. Mfuko unakulazimisha uujaze, uupime ujazo, uchambue hewa, usome barometa, na mwisho uipate 45 kwa jasho lako ukijua kila mahali ingeweza kuharibika.

Mwanangu anafanywa panya wa maabara?

Mama, Baba, swali hili naliheshimu. Hapana. Kinachofanyika ni mafunzo, mwanao anaruhusiwa kusema hapana kwa kipimo chochote, na anaweza kusimama katikati bila kutoa sababu. Mhadhiri akitaka kutumia namba za darasa kwa utafiti wake, hiyo ni habari nyingine kabisa: lazima apate kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha amwombe mwanao ridhaa upya.

Na namba zangu? Zikienda WhatsApp?

Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Majedwali yanatumia namba za siri, si majina. Aliyepiga picha jedwali la mafuta ya mwili na kuituma kwenye kundi la darasa muhula uliopita hakurudi maabara mpaka alipoomba radhi kwa wote waliokuwamo.

Matokeo yangu ni mabaya. Nirekebishe?

Andika ulichokipata, kisha andika kilichotokea. "Kibanio cha pua kilitoka dakika ya nne" ni sentensi yenye alama. Mapigo yanayopanda kwa mstari ulionyooka kabisa, kwa watu wanane, siku moja, hayajawahi kutokea humu, na nina miaka mingi humu.

Nibebe nini?

Raba, kaptula, taulo, maji, kalamu mbili. Shati la kubadilisha kama utapanda matatu na watu wengine.

Kazi ziko wapi baadaye?

Shuleni, kwa kuwa shule za upili za juu sasa zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo na unataka walimu. Kwenye klabu, jimu, na vituo vya kurekebisha viungo, ingawa kwa tiba yenyewe utahitaji masomo zaidi na usajili wake. Wanaokuja kuniomba barua ya mapendekezo huulizwa kwenye usaili swali moja mara kwa mara, kama wamewahi kumpima mtu halisi aliyekuwa anaogopa.

Nimekosa kipindi, Thika Road ilifungwa na mvua. Nitarudia lini?

Ijumaa saa nane mchana. Njoo na mwenzako, maana huwezi kupanda kiti na kujihesabia. Pitia kwenye barometa kwanza uandike namba ya siku hiyo.